Gauni la Mikono Mifupi la Mama Njoki

Mpendwa Mama Njoki,

Siku niliyokujua nilikuwa nalia. Ndiyo kwanza figo zangu zimekufa, na muuguzi pale Nyeri alikuwa ananifunga kwenye mashine ya kusafisha damu. Wewe ulikuwa kiti cha jirani, umepaka midomo rangi na kuvaa hereni kama mtu anayekwenda kanisani. Ulinitazama ukaniuliza, "Mwalimu, umekuja kuoshwa damu ama umekuja kujizika?"

Nilikuchukia siku hiyo. Nilikuwa nimeacha kufundisha, nimeacha kwaya, hata majirani nilikuwa siwafungulii mlango. Wewe ulitoka Endarasha na baridi yake yote, ukiwa umeacha kabeji zimepaliliwa, na bado ulitaka kujua kwa nini mimi sicheki.

Kisha ukatuambia unafunga ndoa. Umeishi na Baba Njoki hadi mmepata wajukuu, sasa ati unataka kanisa, keki na picha. Ukatuchagua sisi wa mashine tuwe wasimamizi wako. Tulikuomba gauni za mikono mirefu, maana mishipa yetu ilikuwa imevimba kama kamba kwa sababu ya sindano. Ukakataa.

"Hii mkono ndiyo inaniweka hai. Mbona niifiche?"

Tuliingia kanisani mikono wazi. Watu walinong'ona, halafu wakanyamaza. Wakati wa kucheza ulinivuta katikati, nikacheza hadi nikakosa pumzi. Wiki iliyofuata nilimwendea mwalimu mkuu nikamwomba anirudishie darasa langu.

Halafu ikaja ile mvua. Ulikosa siku yako ya mashine kwa sababu barabara ilikuwa imekatika, na siku ya mashine iliyofuata pikapu ya jirani ikazama kwenye matope kabla ya kufika lami. Maji ambayo mashine ingeyatoa mwilini yalikuwa yameshakujaa kifuani. Baba Njoki alikubeba mgongoni. Aliniambia yeye mwenyewe, akitazama viatu vyake, kwamba ulimwomba, "Nishushe kidogo nipumue." Akakuweka kwenye nyasi, akakushikilia wima. Hukupumua tena.

Nimekasirika, Mama Njoki. Hukufa kwa figo. Ulikufa kwa barabara, na bado ni ile ile.

Tena siku ya kukuzika ilikuwa siku yetu ya mashine. Tulikaa hadi mahubiri, kisha dereva akaanza kutuita. Tuliliacha jeneza lako likiwa bado juu ya kaburi, tukapanda gari tukiwa tumeinamisha vichwa kama wezi. Wanakijiji walituangalia vibaya. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwaeleza kwamba tukibaki, tutakufuata.

Kiti chako sasa kina mtu. Ni polisi kutoka Busia aliyehamishiwa huku, hana ndugu karibu. Anageukia ukuta tangu anapofungwa hadi anapofunguliwa. Ningekuwa wewe ningekuwa nimeshamchokoza. Mimi nilimsalimia tu, akaitikia kwa kichwa. Wenzetu wengine wamerudi kukaa kimya. Mmoja ameacha kuja kabisa, na hatujui kama yuko hai.

Usidhani nimekuwa jasiri. Asubuhi nyingine naandika ubaoni huku naogopa kuanguka mbele ya watoto. Lakini kuna dada yangu anayeishi Kangari ambaye sijamtembelea tangu nianze kuugua, kwa hofu ya kuwa mbali na mashine. Jana nilimpigia simu nikamwambia nakuja Jumamosi. Akauliza, "Na mvua ikinyesha?"

Mawingu yalikuwa yameshika mlima tangu asubuhi. Nilimwambia aniwekee kitanda karibu na jiko.

Pumzika, mama. Sisi bado tuko huku.

Rafiki yako wa kiti cha jirani,
Mwalimu