Ndama wa Kuachwa Bila Dawa

Ihanda, Karagwe,
Jumapili, baada ya misa.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unapumua vizuri na goti limekuruhusu kufika shambani. Sisi hatujambo. Niyomugabo anaota meno, kwa hiyo mimi silali, na ukiona mwandiko umeteleza ujue yuko mgongoni anavuta kitenge. Mume wangu Athanasi anakuamkia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, Mama, na leo nataka unisikie mpaka mwisho.

Kwanza ndama wako Bihogo, maana najua ndiye unayemtafuta kwenye mistari hii. Ni mzima, anang'aa, na juzi alimpiga mama mkwe wangu teke ndoo ya maji ikamwagika. Lakini masika yalipokolea alikuwa hoi. Anaharisha, manyoya yamesimama, chini ya taya kumevimba kama ameficha parachichi. Ile dawa nyeupe ya minyoo tulimnywesha, tukarudia, wapi. Nilimtazama ndama uliyemtoa zizini kwako ili kesho mjukuu wako apate maziwa, nikaona maziwa hayo yanakauka kabla hayajatoka.

Ndipo ukatuma kwa bodaboda ile chupa nyingine, na neno kwamba nimnyweshe mwenyewe, Mama Athanasi asiiguse. Mama, mkwe wangu aliigusa. Aliiweka juu ya kabati akasema haifunguliwi mpaka Bwana Zubeiri, afisa mifugo, aione. Nilikasirika. Nilidhani ni wivu tu, hataki ng'ombe wa kwetu apone kwa dawa ya kwetu. Tukashinda tunapeana visogo.

Bwana Zubeiri alipofika alisoma maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Akasema dawa hii ni ileile tuliyokuwa tukinywesha, imebadilishwa jina na karatasi tu. Akauliza tunapimaje. Tulipomwonyesha chupa ya soda tunayokadiria kwa macho, alicheka, akasema minyoo ya hapa imeonjeshwa dawa kidogo kidogo mpaka imeizoea. Akachukua kinyesi kwenda kupima. Aliporudi alikuja na dawa ya aina nyingine kabisa, ya sindano, akawazungushia ndama utepe kifuani kujua uzito, kama fundi cherehani.

Kwa kuwa ndama wetu na wa majirani wanachungwa pamoja rweyani, kwenye yale majani ya wote, alituita sote. Akasema waliodhoofika watachomwa, ila mmoja mwenye afya kuliko wote aachwe bila dawa. Watu wakaguna. Akaeleza kwamba tukiwachoma wote, minyoo itakayobaki ni ile sugu peke yake, nayo ndiyo itakayozaana. Huyo atakayeachwa atadondosha malishoni mayai ya minyoo ambayo haijaizoea dawa, ichanganyike na ile sugu, na dawa iendelee kutufaa.

Mama, hapo kila mtu akaanza kumsifia ndama wa jirani! Melkiory, ambaye kutwa anajigamba kuwa dume lake litakuja kuwa kubwa kama lori, ghafla akasema maskini linakohoa, hata usingizi halipati. Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Lakini hakuna aliyekubali.

Mkwe wangu akainuka, akajifunga kanga vizuri, akasema Gaju wake, aliyenenepa kuliko wote, aachwe. Gaju ndiye ndama jike pekee aliye naye, anamsugua mgongo kila jioni kama bibi harusi. Melkiory akamtania kwamba bibi mzima sasa anafuga minyoo. Akamjibu kwamba afadhali yeye anajua anachofuga.

Wadhaifu wakachomwa, Bihogo akapona. Tangu hapo mkwe wangu hakosi kumkagua Gaju macho na kinyesi, maana afisa alisema akianza kudhoofu achomwe mara moja. Siku moja nilimkuta amemshika shingo, anampa pole kwa Kinyarwanda, taratibu, kama anavyombembeleza Niyomugabo. Gaju hakudhoofu. Na mwenyewe hajatudai hata asante. Nimeishi naye nyumba moja, Mama, nikidhani namjua.

Sasa nifike kwenye lile lililonikalisha chini. Vuli imekaribia, watachomwa tena. Bwana Zubeiri amewapitia wote, akasema safari hii mwenye afya kuliko wote ni Bihogo wako. Watu wakanigeukia. Mkwe wangu akawahi kunitetea, akasema ndama wa watu haamuliwi mwenyewe hayupo, basi Gaju arudie. Nikaona siwezi kumwacha abebe tena peke yake. Nimesema Bihogo ataachwa. Nimesema mbele ya watu, na sirudi nyuma.

Kasirika, Mama, una haki. Lakini nitamkagua mwenyewe kila asubuhi, mtoto mgongoni, na akitetereka tu atachomwa. Nawe huko Isingiro soma maandishi madogo ya chupa zako, umwite afisa wenu, na usikadirie tena kwa macho.

Wasalimie wote nyumbani, na jirani wanaoniulizia. Chupa yako iko juu ya kabati, haijafunguliwa. Mama Athanasi huifuta vumbi. Anakusalimu sana, ila hajui nimekuandikia nini. Njoo umwone Bihogo. Ukifika, nakuomba, mpe mkwe wangu mkono kwanza, ndipo uende zizini.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Adela