Umbali Hauna Hasi, Baba

Mpendwa baba,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu jibu lako ni lile lile: "Huko ni mbali, mwanangu."

Unakumbuka mstari uliouchora mchangani, nyumbani kwetu Chiwanda? Shuleni tulifundishwa thamani kamili ya namba, hasi na chanya, nikarudi nalia. Ukaweka jiwe karibu na kichanja ambacho mama alianikia usipa, vile vidagaa vya ziwani, ukasema hiyo ndiyo sifuri. Kwenda kwenye mihogo ni chanya, kwenda ziwani ni hasi. Nikapiga hatua tatu kuelekea majini.

"Uko wapi?"

"Hasi tatu."

"Umetembea hatua ngapi?"

"Hasi tatu, baba."

Ukacheka mpaka ukashika magoti. "We Mnyasa wewe, miguu gani hiyo inatembea hasi? Upande ndio wenye alama. Umbali hauna. Tatu ni tatu!"

Mama akadakia, mikono inanuka usipa: "Mwalimu, na kutoka hapo mpaka kwenye ugali ni hasi ngapi?"

Kisha ukapata uhamisho kurudi kwenu Singida. Ulisema ukishatulia utatufuata. Naona hujatulia bado.

Mimi nimekuja. Mbinga, Kitai, Songea, halafu ile safari isiyoisha. Nilikuja nikiwa muuza maandazi stendi ya Mbinga. Nikaja tena nilipofungua mashine yangu ya kukoboa kahawa, bila mkono wa mtu. Ulinipokea vizuri, tukala, ukanisindikiza kwenye basi. "Karibu tena." Hujawahi kusema, "Nitakuja." Hata mama alipofariki hukuja, palikuwa mbali.

Baba, hesabu naziweza. Toa kwako kwenye kwangu, au kwangu kwenye kwako: alama inageuka, umbali ni ule ule. Sasa iweje njia iwe fupi zamu yangu, na ndefu zamu yako?

Mchana wateja wananijaa. Jioni nikizima mashine, nyumba inakuwa kimya, napika ugali wa mtu mmoja. Hakuna wa kuniita Mnyasa kwa utani.

Msimu wa kahawa ukiisha tutamwekea mama msalaba. Kaburi lake liko pale pale kilipokuwa kichanja. Safari hii sipandi basi kukufuata. Nitakuwa nimekaa kwenye lile jiwe, bado lipo. Utokee upande wa mihogo, utokee upande wa ziwani, sitauliza alama.

Ubaki salama, baba.

Binti yako,
niliyebaki kwenye sifuri.