Figa nililokalia

Bunia, Jumapili. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na mimi roho haitulii.

Kuna mkungu wa ndizi mezani. Nilipewa leo nje ya kanisa na sijathubutu kuonja hata moja.

Miaka miwili iliyopita nilitumwa upande wa Gety kukagua bwawa dogo la udongo, la kunyweshea ng'ombe. Kazi yangu ilikuwa kujaza fishi, ile fomu ya ukaguzi, na kulipangia bwawa daraja la hatari. Watu hudhani daraja hilo linasema kama tuta ni imara au bovu. Sivyo. Linauliza jambo moja tu: likibomoka, nani atakufa?

Nikaangalia bondeni. Nyasi mpaka kiunoni, migomba imejiotea ovyo, hakuna nyumba, hakuna mtu. Barabara haikuwa ya kuaminika na nilitaka kufika Bunia mapema. Nikaketi juu ya jiwe, nikaandika: "Hakuna makao. Hatari ndogo."

Jiwe lile lilikuwa na masizi. Mengine mawili yalikuwa karibu na magoti yangu.

Niliyaona. Ni nani hapa Ituri asiyejua maana ya mafiga matatu katikati ya nyasi? Mama yangu mwenyewe aliacha ya kwake tulipokimbia, na mpaka leo najua yalipo. Nilijua watu wa pale watarudi siku bunduki zikinyamaza. Lakini fishi iliuliza nyumba tu, haikuuliza mafiga, na mimi nikajificha nyuma ya karatasi.

Bwawa la hatari ndogo halikaguliwi kila msimu wa mvua. Sijarudi kule tangu siku ile.

Leo baada ya ibada mama mmoja akanishika mkono, akajitaja kuwa Mama Neema.

"Injenia, siye tulikimbia mara tatu, lakini tulisharudia kwetu, kule chini ya barage, lile bwawa ulipima. Chef wa kijiji alituambia weye njo uliandika haina hatari. Tulijenga pale pale pa zamani. Kamata hii ndizi, ni ya migomba yetu. Ilituchungia kiwanja wakati tulikimbia."

Nilipaswa kumwambia ukweli pale pale. Badala yake nikasema, "Mungu asifiwe, mama," nikapokea mkungu kwa mikono miwili. Mwoga mkubwa mimi.

Kesho kukipambazuka napanda pikipiki. Nitamwomba Chef maji yapunguzwe mara moja. Nikirudi ofisini nitaandika daraja jipya na kueleza kwamba la kwanza lilikuwa uongo wangu. Wakinifukuza, wanifukuze.

Hayo ni mepesi. Linalonikosesha raha ni kuingia kwa Mama Neema. Ameshakimbia nyumba yake mara tatu kwa ajili ya bunduki, na mimi nitamwambia ahame tena kwa ajili ya kalamu yangu.

Najua atanikaribisha kwanza. Atasema, keti hapa karibu na moto, Injenia.

Nitaketi wapi?