Saa Nyeusi na Mstari wa Njano

Nyeri, 9 Januari 1995

Binti yangu mpendwa Lois,

Pokea salamu zetu. Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Natumai baridi ya Saint Paul haijakumaliza.

Nina ombi moja. Unajua habari ya ndugu yangu mkubwa Nahashon, fundi wa nguo, aliyewashonea wanajeshi wa Kiskoti wakati wa Hali ya Hatari, walipokuja kupigana na watu wetu. Mwaka wa 1954 nilimwambia asikanyage tena hapa kwa sababu ya kazi ile. Akaenda, tusimsikie tena, tukamhesabu pamoja na waliokufa. Maneno yale yananila mpaka leo. Kwa ajili ya kumbukumbu yake, nitafutie Black Watch huko. Hata iliyokwisha kuvaliwa si neno.

Ni mimi baba yako,
Wanjohi

Saint Paul, 20 Februari 1995

Baba mpendwa,

Nafurahi kusikia mko salama, na pole kwa goti. Mimi sijambo. Bado natunza wazee kule Oakdale, na gari langu bado linagoma kuwaka asubuhi.

Rafiki yangu Maureen anakuja Kenya wiki ijayo, nimempa Black Watch yako. Ni mpya kabisa, haiingii maji, na mkanda wake ni wa ngozi. Muuzaji ameniandikia hati ya dhamana ya mwaka mzima.

Binti yako,
Lois

Nyeri, 2 Aprili 1995

Binti yangu,

Salamu tele. Saa nimeipokea, nyeusi tititi, na inakwenda vizuri. Majirani wananiuliza saa hata nikiwa natoka msalani. Lakini Lois, Black Watch ni kikosi cha wale wanajeshi wa Kiskoti, na nilichotaka ni kitambaa chao.

Nilipomzika nyanya yako nilikuta sandukuni mwake kipande cha kitambaa cha miraba, kijani na buluu iliyoiva. Hakuwahi kuniambia kilifikaje. Nilijua tu kuwa ni cha Nahashon, maana Black Watch ndio aliokuwa akiwashonea zile sketi wanazovaa wanaume wa Kiskoti. Sasa panya wamekitoboa, nataka kukiziba. Nakutumia ukanda wa vidole viwili ili usikosee tena. Ule mstari wa njano usiujali, ni uzi wa Nahashon. Mafundi tuna tabia ya kuweka alama.

Baba yako,
Wanjohi

Saint Paul, 14 Mei 1995

Baba mpendwa,

Hamjambo nyote? Mimi ni mzima. Nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka mama mmoja akahama kiti. Nisamehe.

Kazini kuna mzee ninayemwogesha, anaitwa Mark. Babu zake walitoka Uskoti, naye amefuma vitambaa maisha yake yote. Nilimpa ule ukanda, akaomba miwani yake. Anasema zamani, yapata miaka mia mbili na sabini sasa, serikali iliandika vikosi vya watu wa milimani ili walinde milima ile ile. Hiyo "watch" ni ulinzi, si saa, na huo weusi, asema, watu wengi hudhani ni wa kitambaa chao. Baadaye vikosi vingine vilichukua kitambaa hicho hicho cha serikali, kila kimoja kikaongeza mstari wake kisichanganywe na wenzake. Wengine wana mweupe na mwekundu. Wa njano ni wa kikosi cha Gordon.

Baba, uzi ule haukushonwa. Mark aliuvuta kwa sindano akanionyesha: umefumwa humo humo. Nikaenda maktaba kuuliza hao Gordon walikuwa wapi. Mwaka wa 1954 hawakuwa Kenya. Walikuja miaka ya mwisho kabla ya uhuru.

Basi aliyekata kitambaa hiki alikuwa hai wakati ule.

Binti yako,
Lois

Saint Paul, 30 Agosti 1995

Baba,

Salamu. Miezi mitatu sasa sina barua yako. Kama nimechokonoa kidonda, niambie. Kama unaumwa, mwambie Serah wa jirani aniandikie. Mark naye ananiuliza kila siku.

Lois wako

Gilgil, 17 Septemba 1995

Binti yangu mpendwa,

Nisamehe kwa ukimya. Siumwi. Nilikuwa na aibu.

Nahashon ndiye aliyenifundisha kushona. Dukani kwetu tulikuwa tukimpelekea mteja kipande cha kitambaa. Akikirudisha, amekubali, tunakata. Asipokirudisha, kazi inangoja. Kumbe kipande alichotuma nyumbani kilikuwa swali lake miaka yote hii: nirudi, nisirudi? Nami nikaliacha sandukuni.

Nilikumbuka kuwa kabla ya uhuru wanajeshi wenye sketi walikuwa Gilgil, nikapanda basi. Nikauliza mafundi. Kwenye baraza la duka la tatu nikamkuta mzee mwenye kipara, ameinamia cherehani. Nikaweka kitambaa mbele yake. Alikitazama sana, akapitisha kidole kwenye tundu la panya, kisha akanishika mkono. Nilidhani ananisalimu, kumbe anaigeuza saa yangu.

"Inakwenda?"

"Inakwenda."

"Basi umechelewa, Wanjohi."

Nililia pale pale mbele ya wateja wake, wala sioni haya kukuambia. Yeye alinisogezea kigoda, akaendelea kushona kaptula ya mtu, maana aliahidi kuimaliza siku ile. Kesho tunakwenda nyumbani. Kitambaa usitafute tena. Anacho kipande kilichobaki, na anasema mimi tangu zamani sijui kuziba.

Baba yako Wanjohi,
na baba yako mkubwa, Nahashon