Mshale Inaangalia Mlima

Jumatatu, 3 Februari

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa uwanja ya Nanyuki. Baridi ya kukata masikio. Mlima wazi kabisa, theluji kidogo pale juu. Ikifika saa nne itakuwa imejifunika. Nimezunguka ndege, nimeangalia mafuta, matairi, propela. Nimefuta vioo. Nimepanga kila kitu kule mbele kabla Kapteni Gichuki apande. Hiyo ndio kazi ya mtu wa kiti ya kulia, rubani msaidizi.

Abiria tisa kwenda Nairobi, kumi kurudi. Kapteni amenipea nitue mara mbili. Mbili! Mwaka jana nilikuwa naomba moja kwa wiki.

Mimi nilijifunza kuruka kwa kompyuta ya cyber Nyeri mjini, na video, kabla hata nione ndege karibu. Leseni ilikuja baadaye sana. Kutua na abiria nyuma bado inanifanya nicheke peke yangu kama mjinga.

Kampuni inaleta ndege ya pili mwezi wa nne. Itataka kapteni. Nataka hiyo kiti ya kushoto. Naandika hivyo wazi, hakuna mtu anasoma hapa.

Jumatano, 5 Februari

Kuna kitu haikai poa. Kapteni ananifanya nisome kila namba kwa sauti. Urefu, mwendo, mafuta, joto ya injini. Huyu ni mtu alikuwa ananinyamazisha. "Kijana, wacha kutangaza mpira." Leo ameniuliza namba ya redio mara mbili na imeandikwa hapo mbele yake. Kubwa. Ya kijani.

Nimerudi nyuma kichwani. Wiki mbili hajatua jioni, jua ikiwa mbele. Kutua zote za jioni ni mimi. Nilidhani ni roho nzuri.

Macho?

Ijumaa, 7 Februari

Akinyi wa ofisi ndiye anapanga abiria na karatasi zote za ndege. Mtu wa Siaya, mdomo haina breki. Ananiita Profesa wa Yutubu.

Leo nimeingia, yeye na Kapteni wakanyamaza. Wote wawili, pap. Akinyi akaweka kikombe ya chai juu ya karatasi fulani. Nikauliza ni nini. Akasema, "Mambo ya watu wazima, Profesa. Enda upime mizigo."

Kapteni alicheka. Mimi sikucheka. Nimepima mizigo nikiwa na hasira.

Jumamosi, 8 Februari

Leo niko off. Nimeenda Nyeri kuchukua viatu vya mathe, mama yangu, kwa fundi. Nani anatoka kwa daktari wa macho, ile jengo iko mkabala na fundi? Kapteni Gichuki. Miwani nyeusi, mfuko ya chemist mkononi. Alipofika mwisho ya veranda akatafuta ngazi kwa mguu kwanza, vile mtu hufanya stima ikipotea.

Yeye anaishi Chaka. Chaka kuna chemist, Nanyuki kuna madaktari. Ukienda Nyeri badala ya Nanyuki unatafuta mahali hakuna mtu wa kazi anakujua.

Nilijificha nyuma ya pikipiki. Mimi ndio nilijificha!

Nimefika nyumbani Kiganjo nikamwambia mathe yote. Hakushtuka. Alisema huyo mzee ndiye alinipangusa nikitapika safari yangu ya kwanza, na kama niko na swali niko na mdomo pia. Akarudi kwa viatu zake. Wazazi hawaelewi hii kazi.

Jumatatu, 10 Februari

Sijalala vizuri. Nikiripoti na nimekosea, nimekwisha, hakuna kapteni atanitaka kando yake. Nikinyamaza na kweli haoni, siku moja wingu itatushukia huko Aberdare na watu kumi na mbili ndani.

Na akitoka, kiti yake iko wazi. Hiyo pia nimefikiria. Nimeifikiria mara nyingi kuliko ile ya wingu.

Sitamuuliza. Atakataa tu. Nitampima.

Jumanne, 11 Februari

Nimefanya.

Kila kiti iko na altimita yake, ile saa ya kuonyesha urefu. Asubuhi unazungusha kifundo, unaweka presha ya hewa ya siku, na mshale inafaa kusoma urefu ya uwanja wenyewe. Nanyuki ni futi elfu sita mia mbili na hamsini. Yangu nimeweka sawa. Yake nimezungusha kidogo tu, ikasoma futi mia tatu juu. Yeye alikuwa nje anasalimia abiria.

Plani ilikuwa hivi: asipoona, namwambia kabla turuke. Natengeneza, naomba msamaha, lakini sasa najua.

Akapanda. Tukaanza orodha ya kukagua ndege. Akasema, "Altimita?"

Nikasema, "Elfu sita mia mbili hamsini. Zote mbili sawa."

Ilitoka laini kabisa. Akaendelea mpaka chini ya orodha. Basi, haoni, nikajiambia. Nilisikia furaha, naandika ukweli. Furaha.

Nilikuwa niseme tukifika mwanzo wa runway. Halafu ndege ingine ikaita kwa redio, inakuja kutua kutoka Samburu. Nikajibu. Nikageuka kuitafuta kwa dirisha yangu. Ikatua, tukaingia, tukaruka. Sikusema.

Juu ya Naro Moru nimeibia macho saa yake. Iko sawa na yangu. Futi kwa futi.

Nani ametengeneza? Lini? Ama sikuzungusha? Nilizungusha. Najua nilizungusha.

Jumatano, 12 Februari

Kapteni aliniitia chai na mandazi mbili, akaniuliza mathe ako aje. Sauti ya kila siku.

Lakini kabla ya kila safari anashika kifundo ya altimita yake mwenyewe, anainama karibu, anakaa hapo. Na hajaniambia nimsomee namba yoyote. Hata moja.

Hajanipea kutua.

Anajua. Ama anangoja nini?

Alhamisi, 13 Februari

Safari ya mwisho ilirudi saa nane. Abiria wakaenda na magari ya hoteli. Kapteni akakaa kwa ngazi ya ndege, akanionyesha nikae kwa sanduku ya mizigo.

Akaanza na macho, kabla nifungue mdomo. Mtoto wa jicho, ya kushoto. Daktari wa marubani anajua. Madam mwenye kampuni anajua. Wakakubaliana aruke mchana tu, asitue jua ikiwa mbele, mpaka mwisho wa mwezi. Operesheni imepangwa, hata hiyo siku imeletwa karibu, ni Jumatano ijayo. Akinyi ndiye alikuwa anapanga karatasi. Mimi sikuambiwa kwa sababu Kapteni mwenyewe alisema niachwe kwanza. Ati nikijua nitaanza kumwangalia yeye badala ya kuangalia ndege.

Nikamuuliza aliona aje saa yake.

"Namba ndogo zinanisumbua, lakini mshale naona," alisema. "Miaka kumi na tisa napaki hapa, pua ikiangalia mji. Mshale mrefu hulala kulia, inaangalia mlima. Juzi ilikuwa inaangalia magoti yangu. Ukigeuka kwa dirisha nikairudisha."

Nilianza kusema sorry. Akainua mkono.

"Kunipima si mbaya, kijana yangu. Ungeniuliza usoni, ningekupeleka mpaka kwa daktari. Lakini nilikuuliza altimita, ukanijibu zote sawa. Halafu ukatuacha turuke. Hiyo ndio kitu sijui nitaiweka wapi."

Nikamuuliza kama ataandika ripoti. Akasema hataandika. Ripoti ya makosa huandikwa na mwenye aliona ikifanyika kutoka mwanzo, na huyo si yeye. Akachukua begi yake, akashuka akitafuta ngazi kwa mguu.

Jumapili, 16 Februari

Karatasi nne za ripoti nimerarua. Ya kwanza nilikuwa nimeandika "kwa sababu ya usalama." Uongo. Ya pili nilikuwa nimeeleza macho yake ukurasa mzima na makosa yangu mistari miwili. Ya tatu ilikuwa na Kiingereza mingi ya kujificha. Ya nne sijui, nilikuwa nimechoka.

Hii ya tano ni fupi. Nilizungusha. Nilisema uongo kwa orodha. Niliona nafasi ya kusema na sikusema. Abiria walikuwa tisa. Jina yangu chini.

Mathe ameisoma akiwa amesimama jikoni. Akasema nile kwanza.

Jumatatu, 17 Februari

Nimempelekea Akinyi. Ameisoma polepole, mdomo yake imefungwa, mara ya kwanza tangu nimjue. Halafu akatoa ile karatasi ya kikombe, alama ya chai bado iko juu yake. Ni barua ya Kapteni kwa Madam. Tarehe ya Januari. Anasema mimi ndio nifunzwe kiti ya kushoto kabla ndege ya pili ije. Kila kutua alikuwa ananipea ilikuwa ya kujaza kitabu yangu ya kuruka, masaa ya kuwa kapteni yafike.

"Nilikuwa nimeanza kukufanyia mpango ya keki," Akinyi alisema. Hakuniita Profesa.

Nilienda nyuma ya ofisi, kwa tangi ya maji. Nililia kidogo. Basi.

Ijumaa, 21 Februari

Madam ameniita. Hakupiga kelele. Mwezi mmoja siruki. Nikirudi, kiti ya kulia, na mambo ya kushoto itaangaliwa mwaka ujao. Ama haitaangaliwa. Ndege ya pili italetewa mtu kutoka Nairobi.

Nimeuliza jicho ya Kapteni. Ilienda poa.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya kwanza kurudi. Saa kumi na mbili na nusu. Mvua ya jana imeacha nyasi nzito, viatu vimelowa mpaka soksi. Nimezunguka ndege. Nimefuta vioo.

Kapteni mpya, mwenye anashikilia mpaka jicho ya Gichuki ipone, alikuwa bado nje na abiria. Simu ikalia. Gichuki, kutoka Chaka. Nikasikia jogoo nyuma yake. Hakunisalimia hata. Akauliza altimita ya kushoto inasema aje.

Nikaangalia. Nikainama karibu, nikaangalia tena: mshale mrefu imelala kulia. Mlima ilikuwa na wingu mpaka kiunoni, lakini mahali iko najua.

Nikamsomea. Akasema sawa, akakata.