Matawi Langoni mwa Chuo

Tunduma, Jumatatu

Kwako mdogo wangu Raphaeli,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye magoti yamestaafu lakini mdomo bado uko kazini. Habari za Isongole? Kahawa imechanua? Na shemeji, mama Tabita, miguu yake inaendeleaje? Sisi huku tupo, vumbi la malori tunalila asubuhi na jioni, na hakuna aliyelalamika chumvi.

Kwanza nikupe habari ya kutambia huko kilabuni. Kaka yako sasa ni mtu wa chuo kikuu. Wiki iliyopita niliketi na wasomi sita wenye tai na maji ya chupa, wakanipa kiti cha kuzunguka, wakataka kusikia mawazo yangu. Mimi wa darasa la nne!

Basi usijisumbue kuwatangazia watu, nimeongopa. Kiti kilikuwa benchi, benchi lilikuwa mlangoni, na maji sikupewa. Niliitwa kama mzazi wa mtuhumiwa, maana wewe simu yako walisema haipatikani. Mtuhumiwa ni Tabita wetu. Kaa chini ndiyo uendelee kusoma.

Sikupigii kwa sababu siku hizi simu yangu inaita, nikipokea kuna mtu anapumua tu. Angekuwa mjane wa jirani ningeelewa. Huyu anapumua kama mtu wa ofisini. Ndiyo maana barua nimempa Fausta, yule anayeleta mchele kwenu. Ukimaliza kuisoma, washia moto.

Unajua Tabita ndiye mwenyekiti wa ule umoja wa wanafunzi wanaotoka huku mpakani. Kazi yao ni kupokea wanafunzi wapya, kuzikana, na kufungwa mpira na kila mtu. Mwezi uliopita kijana wao mmoja, Makene, mtoto wa wale Wasukuma wenye ng'ombe kule bondeni Momba, alishikwa na tumbo siku ya Jumapili, watu wako ibadani. Wenzake wakambeba hadi zahanati ya chuo. Imefungwa. Wakagonga, wakachungulia madirishani, wakakimbia huku na huku kutafuta ufunguo, na kila waliyemuuliza alisema anao mwingine. Makene akafia pale barazani, kichwa kiko mapajani mwa Tabita.

Umoja ukauliza swali moja tu: nani alikuwa na ufunguo? Hawakuvunja kioo, hawakutukana mtu. Mara ya kwanza wakaambiwa swali limepokelewa. Mara ya pili wakaambiwa swali halina adabu.

Mwili ukapelekwa bondeni kwa wazazi, wanafunzi wakaweka matanga yao pale chuoni. Langoni yakalazwa matawi, kama tunavyofanya sisi msiba ukiingia, ili gari lipunguze mwendo na mpita njia avue kofia. Sasa siku hiyohiyo akaja mkubwa mmoja wa bodi, mtu wa mbali. Dereva wake ni Gasper, mtoto wa Vwawa. Kuona matawi, Gasper akazima gari, akavua kofia, akatulia kama yuko kanisani. Mkubwa anafoka nyuma kwamba akanyage twende, Gasper anamjibu kwa heshima zote kwamba bosi, gari ni la chuo lakini mkosi utalala kwangu. Mkubwa akapanda kile kilima kwa miguu na kiatu chake cha ncha. Nilicheka hadi nikashika mti. Raphaeli, kicheko kile naomba nirudishiwe, sikukitumia vizuri. Jioni tangazo likabandikwa kwamba wanafunzi wamefunga lango na kuleta uasi.

Hapo ndipo fimbo ikaanza kutembea. Vyama vyote vya wanafunzi vikasimamishwa, cha mpakani, cha Mbozi, hata cha wapanda miti. Kwaya wameambiwa waombe kibali na kuambatanisha maneno ya wimbo. Viongozi wanaitwa mmoja mmoja kwenye kamati ya nidhamu, na anayeingia akisema hutoka kimya. Violet, msaidizi wa Tabita, alikuwa akicheka, hata kule Mlowo wanamsikia. Sasa ukimsalimia anageuka kwanza kutazama nyuma. Dennis, katibu wao, aliitwa mara ya pili Alhamisi. Chuo kinasema amekwenda kwao. Kwao wanasema yuko chuoni. Viatu vyake vya mpira bado vinaning'inia kwenye kamba ya bwenini, vimekauka vimepinda, na hakuna mwenzake anayethubutu kuvianua.

Siku yetu ikafika. Anayeongoza kamati ni mama mmoja mwenye sauti laini, laini kama kisu cha kuchunia. Akamsogezea Tabita karatasi asaini mambo mawili: kwamba umoja ulipanga kufunga lango, na kwamba Makene alifikishwa zahanati akiwa ameshakufa. Akisaini, atakaa nyumbani muhula mmoja kisha atarudi kusoma. Asiposaini, anafukuzwa, na mengine yatakuwa nje ya uwezo wa chuo. Nikauliza mengine ni yapi. Akanitabasamia, akasema mzee wangu usijali. Mimi nilikuwa sijaanza kujali. Nikaanza pale.

Tabita akasema matawi amelaza yeye, peke yake, hilo waandike. Lakini Makene alikuwa hai, alimwomba maji mara mbili. Akairudisha kalamu mezani polepole. Wakamfukuza kabla hatujafika langoni.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Tabita hakulaza tawi hata moja. Nililaza mimi. Nilikwenda kuhani, nikakuta msiba hauna hata jani langoni, nikasema hawa watoto wamesoma hadi wamesahau kwao. Nikakata matawi ya mikaratusi kwenye ua wa chuo chenyewe, nikayapanga vizuri, nikajisifu. Kwenye kamati walipouliza nani kayaweka, nilifungua mdomo, na mtoto wako akanikanyaga kwa kisigino hadi ukucha ukabadilika rangi. Tulipotoka akaniambia, baba mkubwa, ukijitaja wataandika kwamba umoja umeingiza watu wa nje, na hapo watatufukuza wote. Nyamaza, hata kama ni kazi ngumu kwako. Nikanyamaza. Mimi huyu, mdogo wangu.

Na usimtafute chuoni. Yuko ng'ambo, kwa yule shangazi aliyekukimbiza na mwiko siku ya harusi yako. Jina silitaji. Nilimvusha mwenyewe kati ya kina mama wa nyanya, ana ndoo kichwani, kitabu hata kimoja hana. Askari wa Zambia akamwamkia kwa lugha ya kwao, mwashibukeni, akaitikia kama mzaliwa wa kule. Nikimuuliza atarudi lini, anasema siku watakapojibu swali.

Kesho yake vijana wawili walifika kwangu. Wana adabu, wanatoa shikamoo, wakakataa chai. Walisema wanataka kumsaidia Tabita amalize jambo lake. Kisha mmoja akaniuliza kama miguu ya mama yake imepata nafuu. Mwingine akasema nyumba ya Raphaeli wameipenda, lile bati la bluu linaonekana tangu barabarani.

Watakuja kwenu, kama hawajafika. Wajibu kwamba Tabita yuko chuoni, na wewe wakazie macho uwaulize anaendeleaje na masomo.

Mwambie shemeji mwenyewe, akiwa ameketi, asije akasikia sokoni. Wasalimie Anastazia na Yonasi, na mchungaji wenu mwambie aniombee, ila kwa sauti ndogo.

Halafu kuna haki yangu kwako. Yule mbwa jike niliyekupa, tulikubaliana mtoto wake mmoja ni wangu. Ameshazaa mara tatu, na kila nikikuuliza unanipa habari za mvua. Mpe Fausta mmoja akirudi. Sitaki mzuri. Nataka anayebweka mtu akiwa bado yuko mbali.

Ni mimi kaka yako,
Andongwisye