Rangi ya Kucha na Magunia ya Pande

Unayesoma, nakuomba kwa hisani yako, haya yabaki kwako. Usimtumie mtu, hata yule unayemwamini.

Leo Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, mvua hainyeshi, joto halipungui.

Mimi ni karani katika ghala la dawa za miti shamba la baba mdogo, huku Somanga. Naishi kwake, na ndiye aliyenisomesha mimea chuoni.

Tunauza majani makavu yaliyopondwa, wanayochemshiwa wanawake waliotoka kujifungua. Wiki hii yaliletwa magunia kutoka Pande, na harufu yake niliitilia shaka. Jani likishapondwa hulitambui tena kwa umbo, lakini ngozi yake haibadiliki. Nililoweka vipande, nikavipaka upande wa chini rangi ya kucha, ile inayong'aa tu kama maji. Ilipokauka nikaibandua kama utando, nikautazama kwa hadubini yangu ndogo.

Majani yetu ya siku zote yana vinyweleo vyenye umbo la nyota. Haya hayana hata kimoja, na vitundu vyake vya kupumulia vimepangika vingine kabisa.

Ni mti mwingine. Ni ndugu wa ule wetu, maua yanafanana, hata mchumaji mzoefu angekosea.

Sijui kama una sumu. Hapa hakuna anayejua, na gari linapakia Ijumaa.

Nilikuwa najipanga kumwambia baba mdogo. Kabla sijathubutu, mama mdogo akaikuta ile chupa ya rangi chini ya mto wangu. Nyumba hii rangi ya kucha ni kesi, kwani udhu haukamiliki nayo.

"Mwenzetu siku hizi anajipamba," alimwambia mumewe, nami nipo. "Hebu muulize, anampambia nani?"

Baba mdogo hakupandisha sauti. "Mwanangu, una mwanaume?"

Nikawaza atakavyonitazama akijua nachunguza mzigo wake kwa siri. Nikainamisha kichwa. Wakaelewa walivyotaka kuelewa.

Tangu jana sitoki peke yangu. Ghalani nasindikizwa. Nikisema sasa habari ya magunia, wataona natafuta kisingizio.

Nilijifungia mwenyewe, kwa kuinamisha kichwa.

Kama una maabara, au unamjua mwenye nayo, andika hapa chini kwamba unatafuta ufuta. Usitaje majani. Usipige simu ya ghala, anapokea baba mdogo. Nitakujibu faragha, nikuelekeze nilikoficha kiganja kimoja cha majani hayo.

Nikikaa kimya, ujue nimenyang'anywa simu. Usinisubiri. Mwambie yeyote aliyejifungua karibu nawe asiyanywe majani ya ghala letu.